Rivyu: Nimeitumia Analects ya Confucius kwenye kazi ya masoko mtandaoni

Kwa mwenye haraka niseme mapema kabisa, kitabu hiki kinafaa. Kama kazi yako ni kuandika matangazo, kapsheni, barua pepe za wateja au kurasa za mauzo, kitakusaidia kuliko vitabu vingi vyenye neno masoko kubwa kwenye jalada. Ila kina masharti yake, na kuna watu hakitawafaa kabisa, nitawafikia.

Kwa wasiokijua, Analects ni mkusanyiko wa maneno na mazungumzo ya Confucius, mwalimu wa China aliyeishi kuanzia 551 KK mpaka 479 KK, mtu wa dola ya Lu ambayo leo iko ndani ya mkoa wa Shandong. Hakukiandika mwenyewe, wanafunzi wake na waliokuja baada yao ndo walikusanya alipokwisha kufa, ndo maana kimekaa vipande vipande: vitabu 20 vidogo ndani ya kimoja, kipande hiki mistari miwili, kinachofuata kinaongelea jambo lingine kabisa, hakuna sura ya utangulizi wala ya kuhitimisha. Ukikisoma mfululizo kama riwaya utachoka mapema sana. Mimi nakisoma kidogo kidogo, nikikuta kipande kinachogusa kazi niliyonayo mkononi nasimama hapo.

Sasa kwanini mtu wa masoko akihangaikie kitabu cha miaka zaidi ya 2000? Sababu yangu kubwa ni kipande kimoja tu cha kitabu cha 6, namba 18 (kwenye tafsiri ya zamani ya James Legge ni namba 16, namba zinapishana kidogo kati ya tafsiri na tafsiri, usishangae). Pale Confucius anasema, na hapa naeleza kwa maneno yangu, kwamba kilichomo kikizidi mapambo mtu anakuwa mshamba, mapambo yakizidi kilichomo mtu anakuwa karani wa kupanga maneno, viwili vikikaa sawasawa ndo unampata muungwana. Basi. Kipande kinaishia hapo. Lakini ukikaa nacho unaona kimeshika ugomvi mzima wa masoko ya mtandaoni, maana sisi sote tuko upande mmojawapo, na kila upande unamcheka mwenzake.

Wengi wakisikia jina la mwanafalsafa wa zamani wanategemea atasema acheni mbwembwe, kazi yenyewe ndo muhimu. Hasemi hivyo! Mshamba ndo anaguswa wa kwanza. Na mshamba wa mtandaoni ni mtu tunayemhurumia sana, yule mwenye bidhaa nzuri kweli kweli, anaijua mpaka skrubu ya mwisho, ila picha kapiga usiku chini ya taa ya njano, maelezo kayamwaga yote kwa aya moja bila nukta, namba ya simu iko katikati ya sentensi, na mteja akiuliza swali anajibiwa "soma posti". Huyu ana kila kitu isipokuwa heshima kwa macho ya anayesoma. Kwa Confucius hilo ni kasoro kamili, halina kisingizio cha kwamba bidhaa ni nzuri.

Karani ndo yule mwingine. Tovuti inang'aa, video inacheza yenyewe nyuma ya maandishi, kila kitufe kina kivuli chake, ukimaliza kusoma ukurasa mzima hujui wanauza nini.

Nionyeshe kwa mfano maana hapa ndo kitabu kimenilipa. Chukua ukurasa wa kuuza begi la mgongoni. Karani anaandika hivi: "Begi la kipekee lenye ubora wa hali ya juu, limebuniwa kwa ajili yako wewe unayejali maisha ya kisasa." Sasa toa neno begi uweke kiti, uweke saa, uweke sabuni. Sentensi inasimama vilevile, haitikisiki. Sentensi inayoweza kuuza kitu chochote haijasema lolote kuhusu kitu hiki. Mshamba naye anaandika: "begi lita 25 poliesta zipu mbili laptopu inchi 15 nyeusi bluu kijivu lipo njoo inboksi." Yote kweli, hakuna uongo hata chembe, ila msomaji hajui lita 25 ni begi la kwenda kazini au la kuhamia, na hiyo laptopu inchi 15 sijui inaingia au ndo zawadi.

Jaribio la kukaa katikati linakuja hivi: "Laptopu ya inchi 15 ina mfuko wake wenye sponji, na mfuko haufiki chini kabisa, kwahiyo ukilitua begi sakafuni laptopu haigongi. Inabaki nafasi ya nguo za kubadilisha siku moja na chupa ya maji. Kitambaa kinahimili manyunyu, mvua kubwa ikinyesha litalowa." Angalia hapo hakuna taarifa ya mshamba iliyotupwa ila kila moja imegeuzwa kuwa kitu mtu anachoweza kukiona akilini. Na ile sentensi ya mwisho ndo ninayoipenda kuliko zote, wenye mali huwa wanataka ifutwe haraka sana, mimi naitetea kila nikipata nafasi, kwa sababu mtu akishaona umemwambia ukweli kuhusu mvua anakuamini kuhusu sponji. Pia anayetaka begi la kutembelea kwenye mvua kubwa hatalinunua, na huyo hukumtaka, maana angelirudisha na nyota moja juu yake.

Haya, sasa kuna methali yetu ambayo kila muuzaji anayo mdomoni, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Naiheshimu, ila mtandaoni imewaponza watu wengi wazuri, na humu kitabuni nimekuta mtu anayeijibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Kitabu cha 12, kipande cha 8. Afisa mmoja anaitwa Ji Zicheng anasema muungwana anahitaji kilichomo tu, mapambo ya nini? Anayemjibu ni Zigong, mwanafunzi wa Confucius. Anamwambia kwanza umesema jambo la kusikitisha na farasi wanne hawawezi kuufukuza ulimi wakaukamata (nadhani kila aliyewahi kufuta posti akakuta tayari watu wana skrinshoti anaelewa), halafu anasema ngozi ya chui au simbamarara ukiinyoa manyoya yake itafanana tu na ngozi ya mbwa au ya kondoo.

Hebu kaa na hiyo picha kidogo. Hasemi chui ameacha kuwa chui. Anasema wewe uliyesimama mbele ya ngozi huna tena njia ya kujua. Na mtandaoni mteja muda wote yuko mbele ya ngozi iliyonyolewa, hawezi kushika, hawezi kunusa, hawezi kujaribu, ana kioo tu cha simu na sekunde chache. Manyoya yale, yaani picha safi, maelezo yaliyopangika, jina la bidhaa linaloeleweka, ndo njia pekee ya kilichomo kumfikia. Kizuri kilikuwa kinajiuza pale mnunuzi alipoweza kukitia mkononi. Ukikinyima manyoya mtandaoni umekifanya kifanane na kibovu cha jirani, na cha jirani kimepigwa picha vizuri zaidi.

Zigong kuyasema haya kuna uzito wa ziada maana jamaa alikuwa mfanyabiashara. Humohumo, kitabu cha 11, Confucius anataja kwamba Zigong anafanya biashara na makadirio yake yanapatia mara nyingi, na mwanahistoria Sima Qian baadaye alimweka kwenye sura yake ya watu waliotajirika. Kwahiyo hiyo hoja ya ngozi ya chui imetoka kwa mtu aliyezijua bei za vitu.

Upande wa pili sasa, mapambo yaliyokosa kilichomo. Waswahili tumeshasema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, na mfano wa dunia nzima ni lile tamasha la muziki la Fyre la 2017 kule Bahamas. Mwisho wa 2016 watu maarufu kibao walipost siku moja picha ya kiboksi cha rangi ya chungwa kulitangaza, video ikawa na warembo wanaogelea kwenye maji ya bluu, tiketi zikanunuliwa. Aprili 2017 watu wakafika wakakuta mahema ya msaada wa dharura na magodoro yaliyolowa mvua. Picha walizopiga wageni kwa simu zao, hazijapangwa, hazijahaririwa, zikasambaa na kuifunika ile kampeni yote ya mwanzo. Mwandaaji Billy McFarland alikiri makosa ya utapeli na Oktoba 2018 alihukumiwa miaka 6 jela. Ninachokiona pale ni kwamba kiufundi ile kampeni ilikuwa nzuri sana, hadi leo inafundishwa, na ubora wake ndo uliongeza ukubwa wa maumivu. Kama tangazo lingekuwa baya wangeumia watu wachache.

Kipande kinachonisaidia zaidi kwenye utaratibu wa kazi kipo kitabu cha 3, namba 8. Zixia, mwanafunzi mwingine, anauliza kuhusu shairi la zamani linalomsifia mwanamke kwa tabasamu lake na macho yake, na rangi zinazopakwa juu ya weupe. Confucius anamjibu kuwa uchoraji unakuja baada ya kitambaa cheupe kuwepo. Mfupi hivyo. Maana yake kwangu ni kwamba kukaa sawasawa kule kwa kitabu cha 6 kuna kutangulia na kufuata, huwezi kuvianza vyote pamoja ukategemea vitakutana njiani. Weupe kwanza.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Kabla sijafungua programu ya kudizaini wala kutafuta templeti, namwomba mwenye mali anijibu maswali ya kawaida kabisa: kitu kinafanya nini, hakifanyi nini, nani amekitumia na alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, kikiharibika mteja anafanyaje, kinamfikia kwa muda gani. Karatasi hiyo ikijaa ndo naanza kuchagua picha na rangi. Isipojaa, hakuna templeti itakayoniokoa. Na ukweli ni kwamba karatasi ikishajaa, dizaini inakuwa rahisi mno, unajua kabisa picha gani unaitaka kwa sababu unajua unachothibitisha. Kama nguvu ya begi ni mfuko wa laptopu basi picha ya kwanza ni mfuko umefunguliwa laptopu imo ndani, achana na mwanamitindo anayetazama machweo.

Mambo ya kiufundi nayo yanaingia hapohapo, watu huwa hawayaoni kama ni suala la mapambo na kiini lakini ndo lenyewe. Utafiti wa Google wa 2016 ulisema 53% ya ziara za simu zinakatishwa kama ukurasa umechukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka, na kipimo chao cha sasa cha kasi wanataka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ile video nzito inayocheza nyuma ya maandishi imekula sekunde zote hizo. Au yale maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe ambayo wadizaini wanayapenda, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na mengi ya hayo maandishi ya kijivu hayafiki. Mapambo hapo yamekizidi kilichomo waziwazi, maneno yapo ila hayasomeki! Mtu mwenye macho yaliyochoka, au aliye juani na simu, umemfungia mlango kwa ajili ya rangi.

Halafu kuna kipande cha kitabu cha 14, namba 8, ambacho nashangaa hakitajwi na waandishi wa kazi hizi. Confucius anaeleza jinsi dola ya Zheng ilivyokuwa inaandaa nyaraka zake: Pi Chen anaandika rasimu, Shi Shu anaipitia na kuijadili, Ziyu anayehusika na mambo ya nje anairekebisha, mwisho Zichan wa Dongli ndo anaitia uzuri. Watu wanne kwa waraka mmoja, na anayepamba anakaa mwisho. Zichan hakuwa mtu mdogo, alikuwa waziri mkubwa wa Zheng na Confucius anamsifia sehemu kadhaa za kitabu, kwahiyo kupamba hakukuwa kazi ya kuachiwa mtoto wa ofisini. Alipewa mzito, ila alipewa mwishoni.

Siku hizi tuna programu za akili bandia za kuandika na ninazitumia, sina ugomvi nazo. Shida ni pale mtu anapoiambia iandike posti kuhusu bidhaa ambayo hajaipa taarifa yoyote. Inachofanya ni kazi ya Zichan bila kuwepo Pi Chen, inapamba kitu ambacho hakijaandikwa, na matokeo yake ni yale maneno laini yasiyo na pa kushika ambayo sasa msomaji akiona mstari wa kwanza tu anapita. Ipe ile karatasi iliyojaa uone tofauti.

Kuhusu uaminifu kitabu kinazungumza mara nyingi na hapa hakina utani. Kitabu cha 12 kipande cha 7, Zigong tena, anauliza serikali inahitaji nini, anaambiwa chakula cha kutosha, silaha za kutosha na imani ya watu. Akilazimika kuacha kimoja? Silaha. Na kati ya viwili vilivyobaki? Chakula, maana kifo kimekuwepo tangu zamani ila watu wasipokuwa na imani hakuna kinachosimama. Ukiisoma hiyo halafu ukaenda kutazama biashara ya kununua rivyu za uongo unapata uchungu kweli. Mtu ana bidhaa ya kawaida isiyo mbaya, angeweza kuijenga taratibu, anaamua kununua nyota tano za watu wasiokuwepo, na wateja wa kweli wakija wanapima bidhaa yake na sifa zile za uongo, inaonekana mbovu kuliko ilivyo. Huko Marekani tume yao ya biashara, FTC, imeweka kanuni iliyoanza kazi Oktoba 2024 inayokataza rivyu za uongo, zikiwemo zilizotungwa na akili bandia, na pia kununua wafuasi feki kwa ajili ya kuonekana mkubwa kibiashara. Sheria imechelewa, wateja walishaanza kusoma rivyu za nyota tatu kwanza siku nyingi kwa sababu ndo wanahisi zimeandikwa na binadamu.

Na kuna ile ya Zai Yu, kitabu cha 5. Mwanafunzi kakutwa amelala mchana, Confucius anasema mti uliooza hauchongeki, halafu anaongeza kwamba zamani akisikia maneno ya mtu alikuwa anaamini na vitendo vyake, ila sasa akisikia maneno anakwenda kuangalia vitendo. Naitumia hii nikisoma takwimu. Laiki ni maneno. Koment ya moto moto ni maneno. Hata idadi ya waliofungua barua pepe siku hizi ni maneno, maana tangu Apple waweke ulinzi wa faragha kwenye programu yao ya barua mwaka 2021, picha zinapakuliwa zenyewe na barua inaonekana imefunguliwa hata kama mtu hajaigusa. Vitendo ni nani alirudi kununua mara ya pili, nani alijibu barua, nani alimtuma rafiki, nani aliomba kujitoa kwenye listi. Posti yenye laiki nyingi na hakuna aliyerudi ni mapambo matupu, na ukurasa wenye laiki chache ambao wateja wake wanarudi kila mara una kitu ndani, huo ndo wa kuongezea manyoya.

Sehemu inayonifurahisha kama muuzaji ni kitabu cha 9. Zigong anauliza, nikiwa na jiwe zuri la jade nilifiche kwenye kisanduku au nitafute mnunuzi wa bei nzuri? Confucius anajibu kwa furaha kabisa, liuze, liuze, mimi nasubiri bei! Watu wanaoona aibu kujitangaza wanahitaji kuisoma hii, kuuza sio kujishusha. Ila pia amesema anasubiri, hajasema anagonga milango. Hapo mimi na kitabu tunapishana kidogo, maana mtandaoni ukisubiri tu kisanduku kikiwa wazi hakuna atakayepita, kuna kazi ya kufika mbele za watu na Analects haikufundishi. Kuna kauli nyingine ya Confucius iliyohifadhiwa nje ya kitabu hiki, kwenye historia ya zamani iitwayo Zuozhuan, kwamba maneno yasiyo na uzuri hayafiki mbali. Naiongezea pembeni kwa sababu inajazia hilo pengo kiasi, inampa mtu sababu ya kujali sentensi ya kwanza ya posti na kichwa cha barua pepe.

Sasa kasoro, maana sitaki mtu anunue akanilaumu. Sehemu kubwa ya kitabu haihusiani na kazi yetu hata kwa kuvuta. Kitabu cha 10 karibu chote ni namna Confucius alivyovaa, alivyokaa, alivyotembea mbele ya mtawala, unaweza kukiruka. Kuna mambo ya ibada na vyeo vya wakati ule yanayochosha bila maelezo ya pembeni. Kuna kauli kuhusu wanawake kwenye kitabu cha 17 ambayo inakera na sioni sababu ya kuitetea. Na kikubwa zaidi, Confucius alikuwa anazungumzia tabia ya mtu, sio bidhaa. Ukimchukulia kama mshauri wa mauzo utafika mahali atakukatalia, kwa mfano ukijua bidhaa yako ni mbovu na unataka tu ushauri wa kuipamba, jibu lake ni mti uliooza hauchongeki na hana la pili. Kwangu hiyo ni sifa, kwa mwingine ni hasara ya pesa ya kitabu.

Pia kuna ushahidi unaompinga na ni haki kuutaja. Craigslist, tovuti ya matangazo madogo madogo iliyoanzishwa na Craig Newmark San Francisco mwaka 1995, kwa miaka mingi imebaki na sura ileile ya maandishi matupu na viungo vya bluu, na watu wanaitumia. Tovuti ya Berkshire Hathaway, kampuni kubwa ya uwekezaji ya Marekani, nayo ni ukurasa wa maandishi tu. Je, hao sio washamba waliofanikiwa? Nimelifikiria sana hili na naona jibu ni kwamba imani yao ilishajengwa kabla wewe hujafika pale, mtu anayefungua ukurasa wa Berkshire tayari anajua ni nani, anatafuta ripoti ya mwaka na anaipata haraka. Hata mpangilio wao ni wa heshima kwa msomaji kwa namna yake, kila kiungo kinasema kinakokupeleka. Anayeanza leo, asiyejulikana, akiiga hiyo sura hatapata huo uvumilivu. Lakini nakubali Analects haitofautishi mwenye jina na asiye na jina, hilo unalijazia mwenyewe.

Tafsiri ipi? Kwa Kiingereza chaguo ni nyingi. Ya James Legge ya 1861 ipo bure mtandaoni, Kiingereza chake kizito ila haikugharimu kitu na kwa kujaribu inatosha. Ya D. C. Lau ya 1979 inasomeka kirahisi. Mimi ningekuambia utafute ya Edward Slingerland ya 2003 kwa sababu chini ya kila kipande ameweka maelezo ya wachambuzi wa Kichina wa zamani, na vile vipande vya mistari miwili ukivisoma peke yake unaweza kuvielewa kinyume. Kile cha kitambaa cheupe kwa mfano, bila maelezo sidhani kama kinaeleweka.

Na tafadhali usimjue Confucius kwa zile picha zenye maneno na mandhari ya milima zinazozunguka mitandaoni. Ile maarufu ya chagua kazi unayoipenda hutafanya kazi hata siku moja maishani, haimo kwenye Analects. Jina lake linawekwa ili maneno yaonekane mazito, na wanaozitumia zaidi ni kurasa za watu wa masoko wenzetu, inasikitisha.

Nani akinunue: waandishi wa maudhui, wanaojiuzia bidhaa zao wenyewe, wadizaini waliochoka kubishana na wateja kuhusu logo kubwa au ndogo. Nani akiache: anayetaka hatua za kufuata kuanzia namba 1 hadi 10, anayetafuta namna ya kupata wafuasi wengi kwa wiki, na anayejifunza matangazo ya kulipia, huyo atafute mafunzo ya jukwaa lenyewe kwanza.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ajili ya kitabu cha 10 na ile kauli ya kitabu cha 17. Ukikipata usianzie mwanzo, anza kitabu cha 6 namba 18, uende cha 12 namba 7 na 8, urudi cha 3 namba 8, halafu cha 14 namba 8 ukiwa umefungua pembeni ukurasa wako wa mauzo wa sasa hivi, uanze kuuliza kila sentensi iliyopo pale ni rasimu ya Pi Chen au ni pambo la Zichan.